Jicho Lianzie Wapi?

Leo ni mambo ya macho. Redio haina picha, kwa hiyo nitakuomba utumie kumbukumbu yako, maana mengi nitakayoyataja umeyapita mara nyingi bila kusimama.

Tushike barabara itokayo Embu kuelekea Kiritiri, tuingie Gachoka. Tuseme umepanda bodaboda, mwendo wa kawaida tu. Upande huu kuna bucha, pale kinyozi, hapo agrovet, kisha hoteli, mashine ya kusaga, kibanda cha kuweka na kutoa pesa kwa simu. Kila ukuta una maneno na kila mlango una picha: kichwa kilichonyolewa vizuri, ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa, sahani ya chapati na maharagwe. Ukishayapita maduka yote, jiulize umesoma nini. Utakumbuka mawili au matatu. Hayo mengine yalikuwepo, wenyewe waliyagharamia rangi na ufundi, lakini hayakukufikia.

Kwa nini hili lilisomeka na lile likapotea? Wanaosomea usanifu wa michoro hufundishwa kwamba kila kitu cha kutazamwa hujengwa kwa vitu vichache: nukta, mstari, umbo, rangi, ukubwa, nafasi iliyoachwa wazi, na hali ya uso wa kitu, kama ni laini au una mparuzo. Hufundishwa pia kanuni za kuvipanga: urari, utofauti, msisitizo, urudiaji, uwiano, umoja. Ni majina mazuri, na watoto wetu wanaosoma sanaa watayakuta kwenye mitihani. Mimi naona yote yanarudi kwenye jambo moja. Jicho la mwanadamu haliwezi kutazama kila kitu kwa mara moja. Lazima lianze mahali fulani, ndipo liende kwingine. Mwenye kuchora bango au kupanga bidhaa mezani, kazi yake ya kwanza ni kuamua jicho lianzie wapi. Asipoamua yeye, jicho litapita njia yake na mteja atapita nalo.

Mtazame fundi wa kuandika kuta akiwa kazini. Aliyebobea haanzi na brashi, anaanza na hesabu. Akipewa jina la duka, anahesabu herufi zake pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Anakumbuka kwamba herufi I haili nafasi kama M au W. Anapima upana wa ukuta, anatafuta katikati. Halafu anachukua uzi mrefu, anausugua chaki, kijana wake anashika ncha moja na yeye anashika nyingine, wanaukaza juu ya ukuta, kisha anauvuta kidogo na kuuachia. Uzi unagonga ukuta na kuacha mstari mwembamba, ulionyooka kuliko ambavyo mkono wowote ungeweza kuuchora. Anapiga mmoja wa juu na mmoja wa chini, na sasa herufi zina njia ya kupita. Ndani ya njia hiyo anazichora kwa chaki, akianzia katikati na kwenda pande zote mbili. Akikosea, anafuta kwa kitambaa. Mkebe wa rangi ya mafuta hufunguliwa mwisho kabisa.

Sasa mtazame asiyepima. Anaanzia kushoto kwa herufi kubwa, nene, zenye madaha. Akifika katikati anagundua ukuta unamwishia. Herufi zinaanza kukonda, zinabanana, za mwisho zinapanda juu ya nyingine au zinashuka mstari wa chini peke yao. Umeliona bango hilo. Hakuna kituo cha soko nchini ambacho hakina moja. Kilichokosekana pale si mkono mzuri. Pengine mkono wake ni mzuri kuliko wa yule wa kwanza. Kilichokosekana ni kuihesabu nafasi tupu kuwa sehemu ya kazi, sawa na rangi yenyewe.

Na hapa ndipo wenye maduka na mafundi huvutana sana. Mwenye duka amelipia ukuta mzima, basi anataka ukuta mzima ujae. Anataka jina, kazi anazofanya, nambari ya simu, aya ya Biblia, picha ya ng'ombe, picha ya kuku, na shukrani kwa wateja. Namwelewa, maana ukuta ni mali na biashara ni ngumu. Lakini neno lililozungukwa na nafasi tupu huonekana kubwa kuliko neno lile lile likiwa limesongwa na mengine kumi. Ukitaka jina la duka lako lionekane kutoka ng'ambo ya barabara, huna haja ya kuongeza ukubwa wa herufi kila mara. Ondoa vitu vinavyolizunguka.

Jambo hili la kusoma ukiwa safarini liliwashughulisha Waingereza walipoanza kujenga barabara zao kuu za kasi mwishoni mwa miaka ya 1950. Walimpa kazi msanifu Jock Kinneir, naye akamchukua mwanafunzi wake, Margaret Calvert. Alama zao zilionekana kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya Preston iliyofunguliwa 1958. Baadaye wakapewa alama za barabara zote za nchi ile, zikaanza kutumika 1965. Badala ya kuandika jina lote la mji kwa herufi kubwa, walianza kwa herufi kubwa moja, zilizofuata zikawa ndogo. Waliamini kwamba dereva hasomi herufi moja moja. Anashika sura nzima ya neno, vilima na mabonde yake, na neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu sura yake ni sanduku tu. Tena ile picha ya watoto wawili wanaovuka barabara, msichana mkubwa akimshika mkono mvulana mdogo, ni ya Calvert. Alimchora msichana yule akikumbuka picha yake mwenyewe ya utotoni. Watoto wanaovuka kwenye alama zetu karibu na shule ni jamaa wa watoto hao.

Turudi Gachoka, kwenye rangi. Gachoka iko Mbeere, na Mbeere ni nchi ya jua, na vumbi lake ni jekundu-kahawia. Mtu akichagua rangi bila kuyafikiria mawili hayo, baada ya kiangazi kimoja atakuwa na ukuta mwingine kabisa. Nyekundu nyingi za bei nafuu hupauka juani, zikageuka waridi chovu. Herufi za manjano juu ya ukuta mweupe, hata zikiwa mpya, hazionekani kutoka mbali, kwa sababu zote mbili zina mwanga ule ule. Utofauti unaosaidia jicho zaidi ni ule wa giza na mwanga. Ukitaka kujua kama herufi zako zitasomeka, kunja macho hadi yabaki wazi kidogo tu, uzitazame. Zikiyeyuka ukutani, zimekosa utofauti, hata kama kwa jina ni rangi mbili zilizo mbali. Nyeusi juu ya manjano inasomeka, na nyeupe juu ya bluu iliyokolea inasomeka. Nyekundu juu ya kijani kilichokolea inachosha macho, ingawa inapendwa.

Umewahi kuitazama sehemu ya chini ya kuta za maduka yetu? Mara nyingi futi mbili tatu kutoka ardhini hupakwa rangi iliyokolea, kahawia au kijivu au nyeusi, na juu yake rangi nyepesi. Sababu ya kwanza ni ya matumizi: mvua ikinyesha, tope hurukia pale, na watu huegemeza miguu. Lakini mkanda ule unafanya na kazi nyingine. Unalipa jengo uzito chini, likaonekana limesimama imara. Na kwa kuwa duka hili linao na lile linao, safu nzima ya maduka yaliyojengwa miaka tofauti, na watu tofauti, hushikana ikawa mtaa mmoja. Hapo urari na umoja vimepatikana kwa ndoo moja ya rangi.

Mfano mkubwa wa jambo hilo unapita mbele ya maduka hayo hayo kila siku. Mwaka 2003 John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, alitangaza kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Watu wanazikumbuka kwa mikanda ya viti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mimi nazikumbuka pia kwa mstari wa manjano uliozungushwa kwenye kila gari. Matatu zilikuwa za kila rangi, na kuzipaka zote rangi moja kungekuwa gharama na ugomvi. Mstari mmoja, wa upana mmoja, mahali pamoja kwenye kila gari, ukamaliza kazi. Gari jeupe au la bluu, ukiona mstari ule kwa mbali unajua ni la abiria. Ule ni urudiaji uliofikiriwa vizuri, na sijaona mabadiliko mengine ya kutazamwa katika nchi hii yaliyofanya kazi kubwa kwa kitu kidogo namna ile.

Sasa niseme linalonikera. Kampuni kubwa za simu, za soda na za rangi huja kwenye vituo vidogo na kumwambia mwenye duka: tutakupakia jengo lako lote bure. Nani atakataa? Duka linapakwa rangi ya kampuni kutoka msingi hadi ukingo wa mabati. Alama ya kampuni inakuwa kubwa kama mlango. Jina la mwenye duka, kama halikusahaulika, linaandikwa kwenye kipande kidogo pembeni, kwa herufi za kampuni na kwa rangi ya kampuni. Halafu jirani naye anapakiwa, na jirani wa jirani. Ukipita, jicho lako linaanzia kwenye alama ile, linahamia kwenye alama ile ile ya duka linalofuata, na linamalizia hapo. Unajua umepita maduka matano ya rangi moja. Hujui ni ya nani, wala lipi linauza nini ambacho wengine hawana. Kampuni imeamua jicho lianzie wapi, na mwenye ukuta hakuulizwa.

Simwambii mtu akatae rangi ya bure. Namwambia aijue bei yake na ajadiliane. Ubao wa juu ya mlango, ule ambao jicho hufika kwanza kwa sababu mtu anayeingia hutazama mlangoni, ubaki wako. Jina lako likae pale, kwa rangi uliyoichagua, na lisiwe dogo kuliko la kampuni.

Kuna mahali ambapo kuamua jicho lianzie wapi ni jambo zito kuliko biashara, nalo ni karatasi ya kura. Tarehe 21 Novemba 2005 tulipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Tume ya Uchaguzi, chini ya Samuel Kivuitu, ilihitaji alama ambazo hata asiyejua kusoma angezitambua. Ndio ikapewa ndizi, La ikapewa chungwa. Siasa za wakati ule ziweke kando, utazame uteuzi ule kama fundi. Ndizi ni ndefu na imepinda, chungwa ni duara. Zichapishe kwa wino mweusi kwenye karatasi duni, zitazame kwenye mwanga hafifu wa darasa lenye madirisha madogo, mzee asiye na miwani bado atazitofautisha kwa umbo peke yake. Na yote ni matunda ya sokoni, hakuna lenye sifa mbaya. La ilishinda kwa asilimia 58 hivi, na chungwa lile halikuondoka tena katika siasa zetu, kwani ndilo lililozaa jina na alama ya chama cha ODM. Umbo rahisi likishaingia kichwani mwa watu wengi, kulitoa ni kazi.

Tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga kura nyingine ya maoni, na safari hii zikatumika rangi: kijani kwa Ndio, nyekundu kwa La. Ndio ikapata takriban asilimia 67, na tarehe 27 Agosti katiba mpya ikazinduliwa. Sidai kwamba rangi ndizo zilizoamua matokeo. Lakini kwa ufundi, naona alama za 2005 zilikuwa bora. Nyekundu ina mazoea yake: barabarani inatuambia simama, kwenye chupa ya dawa ya mimea inatuambia hatari. Kijani kinatuambia pita. Rangi hizo zilifika kwenye kampeni zikiwa tayari zimeshasema jambo. Tena katika jamii yoyote wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mtu kama huyo umemwachia maandishi peke yake, ilhali alama ziliwekwa ili kumsaidia asiyeweza kuyategemea maandishi.

Uchaguzi wa 2013, ambao ndio wa kwanza eneo bunge la Gachoka kuitwa Mbeere Kusini, ulileta karatasi sita kwa mpiga kura mmoja. Hapo rangi zilitumika kwa namna nyingine, na kwa maoni yangu namna iliyo sahihi. Kifuniko cha sanduku la kura za rais kilikuwa cheupe, cha gavana bluu, cha seneta manjano, cha mbunge kijani, cha mwakilishi wa wanawake zambarau, cha mwakilishi wa wadi kahawia hafifu. Karatasi nazo zilifuata rangi za masanduku yake. Hapa rangi haimwambii mtu kwamba jambo hili ni jema au baya. Inamwambia tu karatasi hii inakwenda kwenye sanduku lile. Mama aliyeshika karatasi sita mkononi, foleni ndefu nyuma yake, hana haja ya kusimama akisoma vifuniko. Analinganisha na kutumbukiza.

Nimetaja wazee na akina mama, nisije nikaonekana kudai kwamba elimu hii ni ya wasomi wanaowaletea watu wa soko. Hapana. Mama anayefuma kiondo, awe Mbeere, Ukambani au Ugikuyuni, anaanzia kitakoni, katikati kabisa, na kila mzunguko unapanuka kutoka ule uliotangulia. Mistari ya rangi anaihesabu: mizunguko mitatu ya kahawia, mmoja wa rangi ya katani yenyewe, mitatu tena. Akipunguza mmoja kwa kusahau, kiondo kizima kinaonekana kimelegea, na yeye ataliona kosa kabla ya mnunuzi. Na leso tunayojifunga imepangwa vizuri kuliko mabango mengi: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, jina chini yake. Jicho linaanzia kwenye mji, linateremka kwenye maneno, pindo linalizuia lisitoke nje. Yule muuza maembe anayepanga mafungu yake mezani, kila fungu kwa idadi moja, kubwa chini na dogo juu, na kati ya mafungu ameacha nafasi ya vidole viwili ili mteja aone bei inaanzia na kuishia wapi, naye anaijua kazi hiyo.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mazao yetu yakifungwa bila kufikiriwa. Mbeere ina asali, nyingine ya mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini tangu enzi za mababu, na ina ndengu zinazosafiri mbali. Asali ile ikitiwa kwenye chupa iliyokuwa na kitu kingine, lebo ikiwa karatasi yenye aina tano za herufi, picha ya nyuki watano iliyochukuliwa kwenye simu na maneno ya dhahabu juu ya manjano, mnunuzi wa Nairobi hataona ubora ulio ndani. Ataona fujo, na atachukua chupa ya jirani.

Lebo nzuri haihitaji fedha nyingi. Chagua aina moja ya herufi, ukipenda mbili, usizidishe. Asali yenyewe ni ya rangi nzuri, kwa hiyo iache ionekane. Usiifunike chupa nzima kwa karatasi. Neno Asali liwe kubwa kuliko yote. Linalofuata kwa ukubwa liwe mahali ilipotoka, kwa sababu asali ni nyingi dukani lakini asali ya Gachoka ni hiyo tu. Uzito, tarehe ya kufungwa na alama ya ubora ya KEBS vikae pamoja mahali pamoja, kwa herufi ndogo zinazosomeka, maana mtu akivitafuta atavitafuta kwa pamoja. Vinavyohusiana viweke karibu, visivyohusiana viachanishe.

Na nambari ya simu, kwenye lebo au kwenye ukuta wa duka, iandikwe kwa mafungu: tarakimu nne, nafasi, tatu, nafasi, tatu. Mtu anayeinua macho kuisoma na kuyashusha kuibonyeza hawezi kubeba tarakimu kumi kwa mara moja, lakini tatu au nne atazibeba.